JINA LIMETOKA, FEDHA HAZIJAFIKA

Kila mwaka, majina ya vijana waliopewa mikopo ya kusoma katika vyuo vikuu yanapotangazwa, hapana baraza katika Mji Mkongwe pasipozungumzwa habari hiyo. Kuanzia Malindi hata Vuga, watu wakiwa na vikombe vyao vya kahawa mkononi, mzee mmoja atasema kwa furaha kuwa jina la mjukuu wake limetoka. Mwenziwe atamwuliza neno moja tu: "Na fedha?" Hapo mazungumzo hupoa. Sisi twaona kuwa swali hilo la pili ndilo lenye uzito, nalo ndilo tunalotaka kulizungumza leo pamoja na ndugu wanachama, na zaidi ndugu wafanyakazi, kwa kuwa wafanyakazi wamo ndani ya jambo hili kuliko wanavyodhani wenyewe.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kuwa elimu katika Zanzibar haina malipo. Kabla ya siku hiyo ada ilikuwa ukuta. Mtoto wa hamali wa bandarini alisimama upande huu na shule ikasimama upande wa pili. Ukuta ule ulivunjwa. Lakini siku zile Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na waliopata kwenda kusoma Makerere, Cairo au Uingereza walihesabika kwa majina yao na mitaa yao. Leo tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na vipo vyuo vingine hapa Unguja, na vijana wetu wengi huvuka bahari kwenda kusoma Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro. Milango imekuwa mingi. Pamoja na milango, ada nayo imerudi, kwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ya Muungano ilianza utaratibu wa kuwataka wazazi na wanafunzi wachangie gharama ya elimu ya juu, na asiye na cha kuchangia akaambiwa akope.

Mkopo wenyewe una milango miwili. Uko mlango wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwezi Julai 2005. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo kijana wa Makunduchi ana haki ya kubisha hodi hapo sawasawa na kijana wa Iringa. Uko na mlango wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2011, ambayo ni ya Wazanzibari. Mtu aweza kuomba huku na huku, lakini hawezi kupokea kote kuwili, na hilo ni haki, maana sahani mbili kwa mmoja ni njaa kwa mwingine.

Nani anayestahili? Kwa Bodi ya Muungano, mwombaji awe raia wa Tanzania, asizidi umri wa miaka 35, awe amekubaliwa katika chuo kinachotambuliwa, asiwe na kazi wala mshahara wake mwenyewe, na awe amemaliza Kidato cha Sita au masomo yaliyo sawa na hayo katika muda usiozidi miaka mitano. Baada ya hapo hutazamwa uhitaji: yatima hutangulizwa, na mlemavu au mtoto wa mlemavu, na mtoto wa kaya iliyomo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Masharti haya hatuna ugomvi nayo. Fedha za umma hazitoshi kumpa kila aombaye, na zisipotosha, ni lazima apewe kwanza yule ambaye bila hizo hatasoma kabisa.

Ugomvi wetu ni katika kuuthibitisha umaskini. Ni jambo la ajabu, nalo kila aliyepata kumsaidia mtoto kujaza fomu analijua, kwamba kazi ya kuonyesha kuwa wewe ni maskini ni nyepesi kwa asiye maskini sana, na ni nzito mno kwa maskini halisi.

Tumtazame mtoto wa mvuvi wa Jambiani. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Kwa desturi yetu maiti hazikwi kesho ikiwa inawezekana leo; mji mzima ukasali, ukazika, hitima ikasomwa, na kila mtu akarudi katika kazi yake. Hakuna aliyekwenda mjini kuandikisha kifo. Kwa nini aende? Mvuvi yule hakuacha nyumba ya mawe wala fedha benki. Aliacha ngalawa, nyavu na watoto wanne. Miaka kumi na mitatu baadaye mtoto huyo anafaulu, anakubaliwa chuoni, na anaambiwa athibitishe kuwa ni yatima. Kijiji kizima chajua kuwa ni yatima. Imamu aliyemsalia baba yake yu hai. Lakini fomu haimwulizi imamu. Fomu yataka cheti cha kifo kilichohakikiwa: kwa aliyefia Bara, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa aliyefia kwetu, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Basi mama anaacha mwani wake ukielea, anakwenda kwa sheha, anatoka kwa sheha anapanda gari kuja mjini, anaambiwa lete shahidi, anarudi, anakuja tena. Kila safari ni nauli, na kila siku ni siku moja ya mwani iliyopotea. Wakati huo dirisha la maombi limefunguliwa, nalo halimngojei mtu.

Yuko na mwingine ambaye taabu yake haina hata cheti. Baba yake yu hai, lakini alimwacha mama yake zamani, akaoa kwingine, akahama, na tangu hapo hakuleta hata kibaba cha mchele. Mtoto huyu ni yatima wa baba aliye hai. Katika karatasi ana wazazi wawili, na mwenye wazazi wawili hukaa nyuma ya foleni. Twajua kwamba Bodi haiwezi kuingia katika kila ndoa ya Unguja ikachungulia. Lakini twajua vile vile kuwa sheha na majirani hawahitaji kuchungulia, wao wameona.

Na yuko wa tatu, ambaye wema wa watu ndio unaomponza. Alisomeshwa katika shule ya binafsi kwa sadaka ya mjomba aliyeko Maskati, au kwa mchango wa msikiti. Mtazamaji akiona shule ile na ada yake atasema: huyu wazazi wake wana uwezo. Ni lazima basi kijana alete barua ya mfadhili kuonyesha kwamba ada haikutoka nyumbani. Mjomba akiwa hai na mwepesi wa kuandika, barua hufika. Akiwa amefariki, au wamekosana na dada yake, kijana huhesabiwa katika watu wenye neema ambayo hakuionja ila mwezi hata mwezi, na kwa hisani.

Mwenye mshahara wa Serikali, hata akiwa anastahili kidogo, karatasi zake zimo katika jalada moja. Ana hati ya mshahara, ana vyeti vya watoto wote, ana rafiki wakili wa kumgongea mhuri, na mtoto wake ana kompyuta nyumbani. Mtoto wa mvuvi hujaza maombi katika duka la steshenari, na anayemjazia ni kijana wa dukani ambaye ana foleni ya watu kumi nyuma yake na hana habari na maisha ya yule anayemwandikia. Kosa moja la herufi pale ni kosa la mwaka mzima. Na hapa tuseme wazi jambo linalotuhusu sana sisi watu wa pwani: majina yetu. Mtoto huandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Mohammed katika cheti cha shule, Muhammad katika kitambulisho cha Mzanzibari, na benki ikamwandika kwa jina la babu ambalo kwingine halimo. Kwetu huyo ni mtu mmoja. Kwa mashine ni watu wanne, na watu wanne hawawezi kulipwa mkopo wa mtu mmoja.

Tuchukulie kuwa yote hayo yamevukwa na jina limetoka. Hapo napo jina kutoka si kupewa kila kitu. Majina hutoka kwa awamu, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na aliyekosa hungoja dirisha la rufaa. Wakati huo wenziwe wamekwisha kuanza kuhudhuria masomo. Tena mkopo hukatwa vipande kwa kadiri ya uhitaji uliopimwa. Mmoja hupewa ada yote, mwingine sehemu tu, na ile iliyobaki ataitafuta mzazi. Ada ya masomo hupelekwa chuoni moja kwa moja, na hiyo mwanafunzi haioni kwa macho. Anachopokea yeye ni fedha za chakula na malazi, na za vitabu na viandikio, ambazo hutolewa kwa mafungu katika mwaka. Wanafunzi wenyewe huziita bumu, pengine kwa sababu husikika kwa kishindo kisha zikanyamaza.

Fedha hiyo ya chakula na malazi ilikuwa Shs. 8,500 kwa siku. Mwaka 2022 ikapandishwa kuwa Shs. 10,000. Kwa siku sitini ni Shs. 600,000. Si nyingi, lakini anayeipata kwa wakati ataishi. Neno letu ni hilo: kwa wakati. Mwenye nyumba, awe wa Tunguu au wa ng'ambo ya bahari, hakodishi chumba kwa ahadi ya Bodi. Anataka kodi ya miezi kadhaa mbele, siku ile mwanafunzi anapoweka begi lake chini. Mama ntilie naye hauzi ugali kwa karatasi yenye jina. Si mara moja wala mbili vyuo vimefunguliwa na fedha zikawa bado ziko njiani, na kila aliyesoma kwa mkopo anaweza kueleza wiki zile zilikuwaje: mlo mmoja kwa siku, watu sita katika chumba cha watu wawili, madeni kwa wenye duka, na simu kwa mama ambaye naye hana. Mtoto wa mwenye nacho hizo wiki hazimwoni. Baba humtumia fedha, na bumu likija hununua viatu. Mtoto wa mama wa mwani hurudi nyumbani. Na msichana aliye peke yake katika mji mgeni, asiye na kodi wala chakula, hukutana na watu walio tayari kumsaidia kwa bei ambayo hakuna mzazi angependa kuisikia. Sisi hatuoni haya kulitaja jambo hilo katika ukurasa huu, maana wanaopaswa kuona haya ni wengine.

Basi ucheleweshaji ni ada ya siri inayotozwa maskini peke yao.

Kosa ni la nani? Wepesi wa kuitupia Bodi lawama zote tunauona kila mahali, nao hausaidii. Fedha hupita katika mikono mingi. Hazina itoe, Bodi ipange, chuo kithibitishe kuwa mwanafunzi amefika na amejiandikisha, na kwa wale wa mwaka wa pili na kuendelea kipeleke matokeo yao ya mtihani, kisha mwanafunzi mwenyewe athibitishe kuwa ni yeye. Zamani alipanga foleni akatia saini katika karatasi ndefu; siku hizi huthibitisha kwa alama ya kidole na kwa simu. Mashine imefupisha foleni, nasi twashukuru. Lakini mashine haiwezi kumtambua mwanafunzi ambaye karani wa chuo amekaa na orodha yake mezani wiki tatu. Karani huyo hupata mshahara wake mwisho wa mwezi bila kukosa, na labda ndiyo sababu haoni haraka.

Sasa tuje kwa wafanyakazi, ambao tulisema wamo ndani ya jambo hili.

Fedha za mikopo hazitoki katika bajeti peke yake. Sehemu yake ni marejesho ya waliosoma kwanza na sasa wana kazi. Mwaka 2016 sheria ya Bodi ya Muungano ilibadilishwa, na makato ya mdaiwa aliyeajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 hata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Yalisikika manung'uniko makubwa, na hatusemi hayakuwa na sababu. Asilimia 15 kwa mwalimu mwenye watoto ni nyama iliyotolewa chunguni. Lakini tufanye hesabu nyepesi. Mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa Shs. 1,000,000 hukatwa Shs. 150,000 kwa mwezi. Hizo ni siku kumi na tano za chakula na malazi za mwanafunzi mmoja. Kila mwezi karani huyu, akijua asijue, humlisha kijana mmoja nusu ya mwezi. Wako wangapi katika nchi yetu watoao sadaka ya namna hiyo na bado wakalalamika kuwa hawana cha kumfanyia jirani?

Mwajiri naye ana wajibu wake. Sheria yamtaka amwarifu Bodi juu ya mhitimu aliyemwajiri katika muda wa siku 28, na makato ya kila mwezi ayapeleke katika siku 15 baada ya mwezi kwisha. Mwajiri anayekata na asipeleke, akaitumia fedha hiyo kulipa mafuta ya magari yake, huyo hakumkopa Bodi. Amekaa katika sahani ya mtoto wa Jambiani, na tena amemwacha mfanyakazi wake akionekana mdaiwa sugu hali jasho lake limekatwa kila mwezi. Kila mfanyakazi anayekatwa aombe taarifa ya deni lake na ailinganishe na hati zake za mshahara. Vyama vya wafanyakazi vina kazi nzuri ya kufanya hapo, nayo si kazi ya kelele, ni kazi ya kalamu.

Swali la nini mwenye elimu anadaiwa na wasio nayo si jipya katika nchi hii. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kwenda Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka waache asilimia 60 ya mshahara wao katika muda wa utumishi ule. Mwalimu Nyerere aliwafukuza mamia yao warudi makwao, na hapo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu bado wanabishana kama adhabu ile ilizidi. Hakuna abishaye kwamba aliyeitoa alianza na mfuko wake.

Upande wa mdaiwa nao umepata nafuu. Mwaka 2021, katika sherehe za Mei Mosi zilizofanyika Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Tozo ile ilifanya deni likue wakati mtu analilipa, na kwetu visiwani, ambako neno riba halitamkwi kwa wepesi, wengi waliitazama kwa jicho baya. Imekwisha. Aliyekuwa akijificha kwa sababu ya tozo hiyo hana tena kichaka.

Na sisi wenyewe, katika matawi? Hapa twasema bila kumung'unya maneno. Tawi la chama linajua kila nyumba katika shehia yake. Linajua nani alifiwa, nani aliachwa, nani analeta gari mpya kila mwaka huku mtoto wake ameandikiwa barua kuwa hajiwezi. Ndiyo, barua za namna hiyo zimo, na wanaoziandika ni watu tunaowapa salamu kila siku. Barua ya uongo kwa mtoto wa tajiri haiandikwi kwa wino tu. Kwa kuwa fungu ni moja, huandikwa kwa nafasi ya mtoto mwingine. Sheha anayeiandika asituambie kuwa alikuwa akimsaidia ndugu yake.

Kazi ya tawi ianze mapema. Mtoto akiingia Kidato cha Tatu, cheti chake cha kuzaliwa kitazamwe, na jina lake liwe moja katika kila karatasi, herufi kwa herufi. Aliyefiwa na mzazi aandikishiwe kifo hicho sasa, wakati mashahidi wangali hai na sheha angali anakumbuka, si katika mwezi wa maombi. Mwenye mfadhili aombe barua mfadhili angali anapokea simu. Ada ya maombi ya Bodi ya Muungano ni Shs. 30,000, nazo ni siku tatu za chakula cha mwanafunzi. Tawi lisiloweza kumchangia yatima mmoja fedha hiyo lina mikutano mingi kuliko wanachama.

Kwa Bodi zote mbili tuna ombi moja, na si kubwa. Fungu la kwanza la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye ni yatima, au ametoka katika kaya ya TASAF, lilipwe kabla chuo hakijafunguliwa, si baada. Hao karatasi zao zimekwisha kuhakikiwa zaidi ya za mtu mwingine yeyote, na hao ndio wasio na baba wa kuwatumia fedha za kungojea. Asiyefika chuoni fungu lake la pili na lizuiwe. Hasara ya wachache watakaokula fungu moja na wasitokee ni ndogo kuliko hasara ya wale wanaorudi kimya kimya na boti ya jioni, ambao hawahesabiwi popote, kwani katika orodha majina yao yalitoka.

Ndugu wanachama ambao watoto wao hawakuomba kwa kukosa cheti cha kifo cha mzazi wakaonane na sheha na katibu wa tawi lao wiki hii, wakiwa na shahidi mmoja aliyehudhuria maziko.